Stima Ikipotea Chuoni, Anayepotezewa Wakati ni Wewe

Ni Jumanne, saa nne asubuhi. Umeshika sura ya nne ya utafiti wako mkononi, ile uliyoisahihisha mara tatu. Umepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa sababu msimamizi wako alikuahidi kwamba leo mtakaa chini mlimalize jambo hili. Unabisha mlango. Daktari yuko ndani, lakini amekaa karibu na dirisha akisoma karatasi kwa mwangaza wa jua. Kompyuta imezima. Laptopu yake imekula chaji yote jana jioni. Maoni aliyokuandikia kuhusu sura ya tatu yamo humo ndani na hawezi kuyafungua. "Stima imepotea tangu asubuhi, kijana. Rudi Alhamisi."

Unateremka ngazi ukinung'unika. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa unaandika kwamba wahadhiri wa siku hizi hawana haja na wanafunzi. Makomredi wenzako wanakuunga mkono kwa vicheko. Alhamisi ukirudi, Daktari yuko kwenye mkutano. Wiki inayofuata ni ya mitihani. Kufumba na kufumbua, jina lako halimo kwenye orodha ya watakaofuzu, na unaambiwa utafute ada ya muda mwingine chuoni.

Mpenzi msomaji, tukisema kwamba stima iliyokatika kwa saa tatu ilikuondolea mwaka mmoja, utatuona tunatia chumvi. Hebu tufuatane pole pole.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mhadhara wa saa mbili unaousikiliza ukiwa umekaa viti vya nyuma umeundwa mahali fulani, kwa saa nyingi kuliko hizo mbili. Mhadhiri wa chuo kikuu ana kazi tatu kubwa: kufundisha, kufanya utafiti, na kuwaongoza wanafunzi kama wewe wanaojifunza kutafiti. Miaka ya nyuma kazi hizo zilitegemea chaki, maktaba na taipureta. Leo zote tatu zimefungwa kwenye waya mmoja unaotoka kwenye transfoma. Majarida ya kitaaluma yanasomwa mtandaoni. Kazi zenu za darasani mnazituma mtandaoni. Tasnifu hupitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi kabla ya kukubaliwa. Alama huingizwa kwenye mfumo wa chuo. Na tangu Machi 2020, Covid ilipofunga milango ya vyuo vyetu, madarasa ya mtandaoni yakawa sehemu ya maisha ya kampasi, nayo hayajaondoka.

Kwa hivyo mhadhiri asiye na stima ni kama fundi cherehani asiye na uzi. Yupo kazini, mshahara unahesabika, lakini nguo haishoneki.

Wengi wetu tunadhani swali ni kama chuo kina stima au hakina. Vyuo vyetu vyote vina stima. Swali lenyewe ni kama stima hiyo inaweza kutegemewa, na hapo ndipo hasara ilipojificha.

Chukua mfano wa stima inayokatika kwa dakika tano tu. Kwenye karatasi ya hesabu, hizo ni dakika tano. Ofisini mambo ni mengine. Kompyuta ya mezani inazima na ukurasa ambao haukuwa umehifadhiwa unapotea. Stima ikirudi, kompyuta inaanza upya. Kisambaza mtandao kwenye ukumbi nacho kinaanza upya. Seva ya chuo, ikiwa haina betri ya akiba, inahitaji mtu aje aiwashe, na mtu huyo huenda ameenda kunywa chai. Mhadhiri aliyekuwa katikati ya hoja ngumu anatafuta pale alipoachia. Dakika tano zimekula nusu saa au zaidi. Sasa hebu fikiria jambo hilo likitokea mara tatu kwa siku.

Darasani pia hali ni hiyo hiyo. Projekta ikizima katikati ya mhadhara wa saa mbili, mhadhiri husubiri kidogo, wanafunzi huanza kuongea, wengine huchukua mikoba na kutoroka. Stima ikirudi darasa limeshapoa.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo haionekani kabisa, nayo ndiyo inayotuuma zaidi. Mhadhiri akishakatiwa stima mara kadhaa katikati ya somo, anajifunza kujikinga. Anaacha kuandaa video. Anaacha kufungua programu ya kuchora ramani au kuchanganua takwimu mbele ya darasa. Anaacha kumwalika mgeni azungumze na darasa kutoka chuo cha mbali. Anarudia kile ambacho hakiwezi kumwaibisha: karatasi.

Unayajua yale maelezo ya manjano tunayoyacheka sana, yale ambayo mhadhiri amekuwa akiyasoma tangu kaka zetu wakiwa mwaka wa kwanza? Mara nyingine ni uvivu, tusidanganyane. Lakini mara nyingine maelezo hayo ni bima. Karatasi haihitaji soketi. Mhadhiri anayejua kwamba huenda stima ikapotea saa yoyote hupanga somo lake kwa ajili ya siku mbaya zaidi, na wewe unafundishwa somo la siku mbaya hata siku ambayo stima ipo.

Twende maabara sasa, kwa sababu huko ndiko stima isiyotabirika huumiza zaidi. Mwalimu wa sayansi ya viumbe anapotumia mashine ya kunakili vinasaba, kazi hiyo huchukua saa moja hadi tatu ikipanda na kushuka viwango vya joto mfululizo. Stima ikikatika dakika kumi kabla ya mwisho, kwa kawaida anaanza upya, na kemikali alizotumia zimeenda, nazo nyingi huagizwa kutoka ng'ambo kwa pesa nzuri. Vijidudu vinavyokuzwa kwenye kabati la joto la nyuzi 37 haviwezi kusubiri fundi aje Jumatatu. Na kuna friza za kuhifadhi sampuli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Sampuli za damu, udongo au mimea zilizokusanywa kwa miaka miwili zinaweza kuharibika wikendi moja, mlango umefungwa na hakuna anayejua kwamba ndani joto linapanda.

Ongeza juu yake ile stima ya kupanda na kushuka. Inarudi kwa kishindo, inachoma ubao wa ndani wa mashine, na mashine hiyo inakaa pembeni ikifunikwa kitambaa, ikisubiri kipuri na fundi. Ukiingia maabara ukaona vifaa vimefunikwa vitambaa, uliza vinasubiri nini.

Mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuangaliwa, miongoni mwa mambo mengine, machapisho yake. Akikosa data, hana la kuchapisha. Asipochapisha, si rahisi ashinde ruzuku ya utafiti. Na ruzuku ya utafiti ndiyo mara nyingi hulipa ada ya mwanafunzi wa uzamili, hununua vifaa na humpa komredi aliyefuzu kazi yake ya kwanza kama msaidizi wa utafiti. Mnyororo huo unaanza kwenye swichi ya ukutani na kuishia mfukoni mwako.

Tukifika jioni mambo yanazidi kuwa magumu. Nchini Kenya matumizi ya umeme hufika kileleni usiku unapoingia, watu wanaporudi nyumbani, wanapika, wanatazama runinga. Huo ndio wakati ambao gridi inabeba mzigo mzito zaidi. Na huo ndio wakati wa masomo ya jioni, yale ya wanafunzi waliotoka kazini na waliolipa ada kwa jasho lao. Stima ikienda saa moja usiku, mhadhara umekwisha. Wengi wa wanaofundisha saa hizo ni wahadhiri wa muda, ambao malipo yao yenyewe hucheleweshwa. Darasa lililokatizwa itabidi lifidiwe siku nyingine, na nauli ya kurudi inatoka mfukoni mwao.

Tena kuna suala la usalama. Mhadhiri wa kike ambaye angebaki ofisini hadi saa mbili usiku kusoma rasimu yako hatabaki ikiwa njia ya kuelekea langoni ni giza tupu. Anafungasha saa kumi na moja na kuondoka. Nani atamlaumu? Anapeleka kazi nyumbani, anatumia tokeni zake na bando lake. Kwa maneno mengine, chuo kinahamisha gharama ya stima kutoka kwenye bajeti yake hadi jikoni kwa mwalimu, kimya kimya.

Halafu njoo mwisho wa muhula. Hapa ndipo tunapogusa donda la kila mwanafunzi wa chuo cha umma: alama zilizopotea. Uliketi mtihani, ulitia sahihi, lakini kwenye mfumo kuna nafasi tupu. Sababu ni nyingi. Kuna karatasi zilizowekwa vibaya, kuna usajili uliokosewa, na kuna wahadhiri wazembe. Lakini fikiria mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi 300 anayeingiza alama moja moja, mfumo unakatika akiwa katikati, anarudi bila kujua ni alama zipi zilizohifadhiwa na zipi zilizopotea. Au tarehe ya mwisho imefika, seva imelala, na kila mtu anajaribu kuingia usiku mmoja. Mianya kama hiyo ndiyo inayomeza majina, na jina likimezwa, anayezunguka ofisi hadi ofisi na nakala ya kadi ya mtihani ni wewe.

Wapo watakaotuambia: wahadhiri walifundisha miaka na mikaka kabla ya hizi kompyuta, mbona wasiendelee? Hoja hiyo ina uzito kidogo. Wasomi wakubwa wa nchi hii walisomea chini ya taa za koroboi. Lakini mwajiri wa leo hakuulizi kama unaweza kusoma kwa koroboi. Anakuuliza kama unaweza kuchanganua data, kutumia programu, kuandika msimbo, kufanya kazi na mtu aliye Kisumu ilhali wewe uko Kilifi. Mambo hayo hayafundishwi kwa chaki pekee.

Wengine watasema mhadhiri mvivu ni mvivu hata umwekee jua ofisini. Kweli kabisa. Stima haiponyi uzembe, wala hailipi mishahara. Mwaka 2025 mihadhara ilikwama kwa wiki kadhaa wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma wakidai haki zao za malipo, na hakuna taa ambayo ingeyafidia masomo hayo. Lakini tazama upande wa pili. Pale ambapo stima ni ya kubahatisha, mwenye bidii na mvivu wana kisingizio kimoja. Huwezi kuwatofautisha. Weka stima ya kutegemewa, na kisingizio kinakufa. Asiyefundisha ataonekana mchana kweupe. Hilo peke yake lingetosha kuwafanya wanafunzi walidai jambo hili kwa nguvu.

Kinachoudhi ni kwamba Kenya si nchi iliyonyimwa nishati. Tuna mvuke wa Olkaria, tuna mabwawa ya Mto Tana, tuna upepo wa Ziwa Turkana wenye mitambo ya megawati 310. Sehemu kubwa kabisa ya umeme wetu inatokana na vyanzo visivyochafua mazingira, na tunajivunia hilo kwenye mikutano ya kimataifa. Lakini kuzalisha ni jambo moja, kufikisha ni jingine. Tuliliona usiku wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipoingia gizani hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Novemba na Disemba mwaka huo giza likarudi, na Septemba 2024 likarudi tena katika sehemu kubwa ya nchi.

Na si kila kitu ni cha kulaumu gridi. Stima nyingi zinazopotea kampasi hupotelea humo humo ndani: transfoma iliyowekwa wakati chuo kina wanafunzi 2,000 sasa inabeba 15,000, nyaya ni za zamani, matawi ya miti yanagusa laini, swichi kuu haijakaguliwa. Na hapa, komredi, lazima tuambizane ukweli. Ile koili unayoificha chini ya kitanda hosteli, ile unayopikia chapati na madondo jioni, ina mkono wake. Vyumba 100 vikiwasha koili saa moja usiku, fyuzi inaruka, na pengine laini hiyo hiyo ndiyo inayolisha jengo la maabara. Tunajua chakula cha mesi kimepanda bei na njaa haina adabu. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: huwezi kumlaumu mhadhiri kwa giza ambalo sufuria yako imesaidia kulileta.

Je, dawa ni nini? Tunashukuru kwamba hapa hatuhitaji kuvumbua gurudumu. Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kiliweka paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 600 kwenye mapaa yake mwaka 2014, na kikaingia mkataba wa kuiuzia Kenya Power umeme wa ziada. Paa la chuo ni kubwa, jua ni la bure, na mihadhara mingi iko mchana, saa ambazo jua linawaka. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo ilifungua mlango kwa mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kurudisha umeme kwenye gridi na kupunguziwa bili.

Tahadhari moja lakini, ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Paneli zilizounganishwa na gridi bila betri huzima pale pale stima ya nje inapopotea. Zimeundwa hivyo makusudi, ili zisipeleke umeme kwenye waya ambao fundi ameushika akidhani umekufa. Kwa hivyo chuo kikitangaza mradi wa sola, uliza swali la pili: betri ziko wapi, na zitabeba majengo gani?

Swali hilo la majengo ni la maana, kwa sababu si lazima kila kitu kiwake kwa wakati mmoja. Jenereta inayolisha ofisi za wakubwa na kuziacha friza za maabara ziyeyuke imewekwa na mtu aliyesahau chuo ni cha kazi gani. Orodha yetu ni fupi: seva na mtandao, maabara, maktaba, kumbi za mihadhara, taa za njia. Mazulia na birika za chai ofisini zitasubiri.

Mengine hayana hata gharama. Kenya Power hutoa notisi za maeneo yatakayokatiwa stima kwa ukarabati, ikitaja siku na saa. Je, kuna mtu katika ofisi ya ratiba ya chuo chako anayezisoma? Somo la maabara lililopangwa Alhamisi linaweza kusogezwa Ijumaa kwa ujumbe mmoja. Mfumo wa alama unaweza kuongezewa siku mbili kukiwa na giza, badala ya kuwakimbiza wahadhiri kwa tarehe isiyowezekana.

Na wewe je? Kwanza, anza kuandika. Siku stima ikipotea, andika tarehe, saa, muda iliokaa, na kilichokwama: mhadhara gani, jaribio lipi, mkutano upi na msimamizi. Fanyeni hivyo darasa zima kwa muhula mmoja. Malalamiko husahaulika, lakini daftari lenye tarehe halipingiki kwa urahisi.

Pili, ulizeni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia ya kuifuata. Chuo cha umma kinatumia pesa za umma. Kinalipa kiasi gani cha dizeli kwa mwaka? Transfoma ilikaguliwa lini? Uliza kwa adabu, uliza kwa maandishi.

Tatu, msimu wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukifika, mgombea akija na muziki, fulana na ahadi ya kuleta msanii, muulize kuhusu swichi kuu. Akikosa jibu, mpigie makofi kwa densi yake nzuri, halafu umpe kura mwenzake.

Nne, zima koili. Na kama kinachokusukuma ni bei ya chakula, basi bei ya chakula iwe ajenda yenu ya pili.

Mwisho, rudi kwa yule Daktari wa ghorofa ya tatu. Huenda ni mzembe, huenda si mzembe. Hutajua hadi siku ambayo atakuwa na mwangaza wa kufanyia kazi. Kabla hujaandika jina lake kwenye kundi la darasa kwa hasira, muulize kitu kimoja tu: wiki hii, ni saa ngapi alizokaa ofisini akiisubiri stima irudi? Jibu lake liandike kwenye daftari lako, chini ya tarehe.